Saratani ya kisanduku cha sauti: Umri pekee haumzuii mzee kupasuliwa

SAUTI ya mzee inapoanza kukwaruza, jamaa zake hudhani ni baridi ya Julai, vumbi au uzee wenyewe. Hununuliwa dawa ya kikohozi, huchemshiwa tangawizi, na miezi hupita. Madaktari wa masikio, pua na koo hushauri kwamba sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu inayojulikana ichunguzwe, hasa iwapo mhusika amewahi kuvuta sigara. Si kila mkwaruzo ni saratani. Hata hivyo, saratani ya kisanduku cha sauti mara nyingi hujitambulisha kwa njia hiyo, nayo ikigunduliwa mapema ni miongoni mwa saratani zinazotibika vyema.

Kisanduku hicho, ambacho kamusi hukiita zoloto, kiko mbele ya shingo, pale panapojitokeza kwa wanaume. Kina kazi tatu: kupitisha hewa, kutoa sauti, na kuziba njia ya mapafu mtu anapomeza ili chakula kisipotee njia. Kazi hii ya tatu husahauliwa na wengi, ilhali kwa mgonjwa mzee ndiyo huamua mambo mengi.

Tumbaku ndiyo chanzo kikuu cha maradhi haya, na pombe huongeza hatari, hasa viwili hivyo vinapoandamana. Kwa kuwa madhara yake huchukua miaka mingi kujijenga, wagonjwa wengi ni wanaume waliopita umri wa miaka 55. Ndipo swali gumu linapozuka nyumbani: je, mtu wa miaka 75 au 80 apelekwe kisuni?

Jibu la haraka huwa kwamba mzee amekwisha kula chumvi nyingi, aachwe apumzike. Jibu hilo lina huruma, lakini halina msingi wa kitabibu. Umri ulioandikwa kwenye kitambulisho si kipimo cha nguvu za mwili. Kinachopimwa ni moyo, mapafu, figo, kiwango cha sukari, lishe, uwezo wa kutembea na utulivu wa akili. Mzee wa miaka 80 anayelipalilia shamba lake mwenyewe anaweza kustahimili upasuaji kuliko mtu wa miaka 62 ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara. Tena, kumwacha si kumpumzisha. Uvimbe ukikua huziba njia ya hewa, na mara nyingi mgonjwa huishia kutobolewa koo kwa dharura, usiku, katika hali mbaya zaidi ya ile aliyokuwa nayo awali.

Upasuaji wenyewe ni wa aina kadhaa. Uvimbe mdogo ulio kwenye nyuzi za sauti unaweza kuondolewa kupitia mdomoni kwa mwali wa leza, bila kupasua shingo. Tiba ya mionzi huleta matokeo yanayokaribiana na hayo kwa uvimbe wa kiasi hicho, ila huchukua wiki kadhaa, siku tano kila wiki. Kwa mzee anayeishi mbali na miji yenye mashine za mionzi, kama vile Nairobi na Eldoret, tofauti hiyo si ndogo: ni tofauti ya siku chache za hospitali na wiki nyingi za kupanga chumba mjini.

Uvimbe ukiwa mkubwa zaidi, huwa kuna upasuaji wa kuondoa sehemu ya kisanduku na ule wa kukiondoa chote. Hapa wengi hukosea. Akili ya kawaida husema mzee afanyiwe ule mdogo. Ukweli ni kwamba mgonjwa aliyeondolewa sehemu tu lazima ajifunze upya kumeza, na katika majuma ya kujifunza huko chakula na mate humponyoka na kuingia mapafuni. Kijana hukohoa akayatoa. Mzee mwenye mapafu dhaifu huenda akapata nimonia na kufariki. Kisanduku kinapoondolewa chote, mrija wa hewa hushonwa kwenye ngozi ya shingo, na njia ya hewa ikatengana kabisa na ya chakula. Hivyo upasuaji ulio mkubwa kwa jina unaweza kuwa ndio ulio salama kwa mzee, ingawa bei yake ni sauti.

Utengano huo haukuwapo tangu mwanzo. Theodor Billroth alipoondoa kisanduku kizima kwa sababu ya saratani, mjini Vienna mnamo Desemba 31, 1873, mgonjwa wake alikuwa na umri wa miaka 36. Katika miongo iliyofuata wengi walifariki muda mfupi baada ya kupasuliwa, kwa kuwa mate yaliwateremkia mapafuni, hadi mbinu ya kuutenganisha mrija ilipoimarishwa.

Je, kisanduku hakiwezi kuokolewa? Mwaka wa 1991 watafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 332 waliokuwa na saratani iliyosonga mbele. Takriban thuluthi mbili ya waliopewa dawa za kemikali pamoja na mionzi walibaki na visanduku vyao, na waliishi kwa kiwango sawa na waliopasuliwa. Tangu wakati huo njia hiyo imeenea duniani. Lakini dawa hizo ni kali. Uchanganuzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2009, uliojumlisha zaidi ya wagonjwa 17,000 wa saratani za kichwa na shingo, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza dawa za kemikali hupungua kadiri umri unavyosonga, na haikudhihirika kwa waliopita miaka 70. Kwa hiyo mzee hapaswi kupewa tiba ya vijana kwa mazoea tu.

Linabaki suala la sauti, na hapa daktari hawezi kumwamulia mtu. Katika utafiti mmoja wa mwaka wa 1981 nchini Marekani, watu 37 wenye afya waliulizwa wangechagua nini. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa tayari kupunguza uwezekano wa kuishi muda mrefu ili asipoteze sauti. Mwimbaji Sammy Davis Jr. aliukataa upasuaji kwanza ili alinde sauti yake, akatibiwa kwa mionzi, saratani ikarejea. Alifariki mwaka wa 1990 akiwa na umri wa miaka 64. Mzee wa kijijini si mwimbaji, lakini kwa sauti hiyo hutoa wosia, huposea wanawe na kubariki wajukuu. Inasikitisha kwamba mara nyingi watoto hujadiliana na daktari nje ya mlango huku mwenye koo akiwa kitandani hajaulizwa.

Aliyeondolewa kisanduku anaweza kuzungumza tena. Njia ya kwanza ni kumeza hewa na kuitoa kama mbweu wenye maneno. Ya pili ni kifaa cha betri kinachobanwa shingoni. Ya tatu ni vali ndogo inayowekwa kati ya mrija wa hewa na umio, iliyobuniwa na Singer na Blom mwishoni mwa miaka ya 1970. Vali ndiyo hutoa sauti iliyo karibu na ya kawaida, lakini huhitaji kusafishwa kila siku na kubadilishwa baada ya miezi kadhaa. Mzee ambaye mikono yake hutetemeka au macho yake yamefifia atahitaji mtu wa kumsaidia, na ni heri hilo lijulikane kabla ya upasuaji. Mke aliyepungukiwa na usikivu naye akumbukwe, kwani huenda asiisikie sauti mpya ya mumewe.

Majuma ya kwanza ndiyo magumu. Mgonjwa hulishwa kwa mrija wa puani hadi kidonda kipone, na kidonda hukawia kwa aliyekonda, mwenye kisukari au aliyewahi kupigwa mionzi. Baadhi ya wazee huchanganyikiwa kwa siku chache baada ya nusu kaputi. Asiyejua kuandika hupewa kengele na picha za kuonyesha anachotaka, daftari halimfai.

Kuna jambo ambalo jamaa hulazimika kulieleza kila wanapomfikisha katika zahanati isiyomfahamu. Mtu huyu hapumui tena kwa mdomo wala pua. Akizidiwa, oksijeni huwekwa kwenye tundu la shingoni.