Wizi wa zamu ndani ya prosesa

Leo tuzungumze kuhusu wizi. Si wizi wa nywila wala wa kadi za benki, bali wizi wa muda: jinsi mteja mmoja wa seva ya kukodi alivyoweza kula zamu za wenzake huku daftari likionyesha kwamba hajala kitu.

Hadithi inaanza mbali kidogo. Mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT huko Marekani walionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu. Mfumo huo uliwapendelea waliokaa mbele ya kibodi, ili wasisubiri sana. Andrew Tanenbaum anasimulia katika kitabu chake cha mifumo endeshi kwamba mtumiaji mmoja aligundua akibonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya kila baada ya sekunde chache, kazi yake inakimbia. Akawaambia marafiki zake wote! Somo la kwanza ndilo hilo: ukiweka upendeleo kwenye foleni, kuna mtu atajifanya anaustahili.

Tundu la pili lilikuwa kwenye kuhesabu. Kwa miaka mingi kerneli nyingi hazikupima muda kamili ambao programu imetumia. Zilingoja pigo la saa, zikachungulia nani yuko kwenye prosesa, zikamwandikia pigo zima. Ni kama msimamizi wa ploti anayepita kila saa kamili kuangalia taa ya nani inawaka, kisha anagawa bili ya stima kwa hesabu hiyo. Mpangaji mjanja anazima taa dakika moja kabla, anaiwasha msimamizi akishapita, na jirani ndiye anayelipa.

Udhaifu huu ulijulikana mapema. Mwaka 1993 Steven McCanne na Chris Torek walipendekeza mapigo ya kuchungulia yaje bila mpangilio, ili asiwepo wa kuyakwepa. Lakini mwaka 2007 Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson walionyesha kwamba programu ya mtumiaji wa kawaida, bila idhini yoyote ya msimamizi wa mfumo, bado ingeweza kujitwalia prosesa karibu yote kwenye mifumo mikubwa ya wakati huo, Linux na Windows zikiwemo.

Ndani ya kompyuta ya mtu mmoja hilo ni kero tu. Ubaya ulikuja pale zamu zilipoanza kuuzwa. Xen, haipavaiza iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa hadharani mwaka 2003, iliwezesha mashine pepe nyingi kuishi kwenye seva moja. Mwaka 2006 Amazon ikafungua EC2 juu ya Xen, kwa dola 0.10 kwa saa. Mteja alilipia saa za ukutani, si kazi ambayo prosesa ilimfanyia.

Mgawaji wa zamu wa Xen alitumia krediti. Kila milisekunde 10 pigo lilikuja, na mashine iliyokutwa ikifanya kazi ilikatwa krediti 100. Mashine iliyotoka usingizini kushughulikia mtandao au diski ilirukishwa mbele ya foleni. Umeona? Matundu yote mawili yako nyumba moja. Kilichohitajika ni kufanya kazi kwa karibu milisekunde 10, kulala kidogo kabla ya pigo, kisha kuamka mara tu likishapita. Krediti hazikatwi, na foleni unaruka.

Mwaka 2011 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Northeastern walichapisha majaribio yao. Kwenye maabara, mashine yao ilichukua hadi asilimia 98 ya prosesa, haijalishi fungu lake lilikuwa lipi. Kwenye EC2, marekebisho ya Amazon yaliwakinga majirani, lakini mjanja bado alipata zaidi ya alicholipia. Waliiarifu Amazon, ikaziba. Dawa waliyopendekeza ilikuwa ile ya zamani: pima muda kwa saa sahihi, au chungulia kwa wakati usiotabirika.

Linux ilianza kugawa zamu kwa hesabu ya nanosekunde kuanzia toleo 2.6.23 la mwaka 2007, na Xen ikafanya Credit2 kuwa mgawaji wake wa kawaida mwaka 2019.

Kama umekodi mashine pepe ya Linux, andika `top` kisha utazame namba ya `st`. Huo ni muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi lakini haipavaiza ikawa inahudumia wengine. Ikipanda, usikimbilie kumwita jirani mwizi. Mara nyingi ni mwenye seva ameuza zamu nyingi kuliko alizonazo. Tukilaumu kanuni ya foleni kila mara, tunamsahau anayeshika daftari. Foleni ya haki yenye hesabu mbovu humnufaisha mjanja tu.