Miaka Elfu ya Kungoja Kope Ipone

Umewahi kumwona mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kurembesha kope? Siku ya pili anafanana na bondia aliyepigwa vibaya: macho yamevimba, na chini yake pamekuwa peusi. Ukimuuliza, atakwambia daktari kasema avumilie. Basi ushauri huo ni wa zamani kweli.

Turudi Hispania ya Waislamu, karibu mwaka 1000. Tabibu al-Zahrawi wa Córdoba anaeleza katika Kitab al-Tasrif namna ya kutibu kope ambayo nywele zake zimegeukia ndani na kulichoma jicho. Njia mojawapo ilikuwa kuibana ngozi ya kope katikati ya vijiti viwili, kuvifunga kwa uzi kwa nguvu, halafu kungoja. Damu haifiki, ngozi inakuwa nyeusi, inakufa, inadondoka yenyewe. Hapo hakuna habari ya urembo. Shida ilikuwa kuliokoa jicho.

Kisu nacho kilikuwepo, ila maumivu yake si mchezo. Mwaka 1884, Karl Koller wa Vienna alionyesha kwamba matone ya kokeini yanalitia jicho ganzi. Mlango ukafunguka. Mwaka 1907, Charles Conrad Miller wa Chicago akatoa kitabu kuhusu upasuaji wa kurekebisha sura, na mwaka 1926 Suzanne Noël wa Paris akatoa chake. Noël aliwahudumia wanawake waliohofia kukosa kazi kwa kuonekana wazee. Kwa mtu kama huyo, swali la "nitapona lini?" ni swali la mshahara.

Na jibu linategemea mwili. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote mwilini, na tishu zilizo chini yake zimelegea, kwa hiyo damu kidogo tu inasambaa na kuonekana. Lakini mishipa hiyo hiyo mingi ndiyo inayoharakisha kupona. Kwa kawaida nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, weusi huisha ndani ya wiki 2 hivi, na kovu huendelea kufifia kwa miezi. Ganzi imeboreshwa na nyuzi zimeboreshwa, lakini mwili bado unafuata saa yake.

Sasa, kuna jambo moja ambalo usilivumilie hata kidogo. Ni nadra, lakini damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho, hasa katika saa 24 za mwanzo. Humo hamna nafasi ya kutanuka, hivyo presha inapanda na kuuzuia mshipa wa fahamu wa jicho usipate damu. Unaona? Ni kanuni ileile ya vijiti vya al-Zahrawi, ila safari hii kinachokufa si ngozi iliyozidi, ni uwezo wa kuona.

Kwa hiyo ukifanyiwa wewe, au dada yako, kuvimba na weusi wa macho yote mawili msihangaike nao sana: kitambaa baridi, kulala kichwa kikiwa juu, na subira. Lakini jicho moja likiuma mno, likatokeza nje, au likaanza kuona giza, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri kukuche.