Kombe la CAF: mashindano yaliyofutwa na ubishi wa fainali ya 1993

Kila Simba au Yanga inapofika mbali katika mashindano ya Afrika, ubishi uleule hurudi vijiweni hapa Manundu. Watu wa Yanga husema timu yao ndiyo ya kwanza Tanzania kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho, mwaka 2023. Watu wa Simba hujibu kwamba wao walicheza fainali ya Afrika tangu 1993. Wote wanasema kweli. Wanazungumzia makombe mawili tofauti, na moja kati ya hayo halipo tena.

Lililokufa linaitwa Kombe la CAF. Shirikisho la Soka Afrika lililianzisha mwaka 1992, likiwa kombe la tatu la klabu. Tayari kulikuwa na Klabu Bingwa Afrika kwa mabingwa wa ligi, na Kombe la Washindi, lililoanza 1975, kwa waliotwaa kombe la nchi yao. Timu iliyoshika nafasi ya pili kwenye ligi ilikuwa haina pa kwenda, na hapo ndipo Kombe la CAF likaingia. Kombe lenyewe lilipewa jina la Moshood Abiola, tajiri wa Nigeria. Ndiye yuleyule aliyegombea urais wa nchi hiyo Juni 1993, matokeo yakafutwa na jeshi.

Hakukuwa na makundi kama siku hizi. Ilikuwa ni mtoano wa nyumbani na ugenini kuanzia mwanzo hadi fainali, na fainali yenyewe ilichezwa mara mbili. Afrika Mashariki ilifika huko mwaka wa kwanza tu: Villa ya Uganda ilitoka 0-0 na Shooting Stars mjini Kampala, kisha ikafungwa 3-0 Ibadan.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Simba. Iliwatoa, miongoni mwa wengine, USM El Harrach ya Algeria na Aviação ya Angola, ikakutana na Stella ya Abidjan. Mchezo wa kwanza huko Ivory Coast uliisha 0-0, na nchi nzima ikaamini kombe limeshafika Msimbazi.

Hapa tusimame kidogo, maana sare ile ilikuwa na mtego. Kwa kanuni ya goli la ugenini, timu zikilingana mabao, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Simba haikufunga Abidjan. Kwa hiyo sare yoyote ya mabao Dar es Salaam, hata 1-1, ingewapa Stella kombe. Simba ilikuwa lazima ishinde, au irudie 0-0 na kwenda kwenye penalti. Kwa maoni yetu, 0-0 ile ilisherehekewa mapema mno.

Marudiano yalichezwa Novemba 27, 1993, kwenye Uwanja wa Taifa, ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwapo. Vituo vya televisheni vya Bara vilikuwa bado havijaanza, kwa hiyo sisi wa mikoani mechi tuliiona kwa masikio, kupitia Radio Tanzania. Stella walishinda 2-0, mabao yote mawili ya Boli Zozo. Wapo wazee ambao mpaka leo ukilitaja jina hilo wanabadilisha mazungumzo.

Baada ya hapo kombe lilihamia kaskazini. Bendel Insurance ya Nigeria ililichukua 1994, kisha kuanzia 1995 hadi 2003 washindi wote tisa walitoka Tunisia, Morocco na Algeria. JS Kabylie ya Algeria ililibeba mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002. Raja Casablanca ndiyo ya mwisho, 2003.

Kilicholiua ni Ligi ya Mabingwa. CAF iliamua nchi zenye soka la juu zipeleke timu mbili huko. Washindi wa pili wa nchi hizo, ambao ndio walikuwa nguvu ya Kombe la CAF, wakaondoka. Mwaka 2004 Kombe la CAF na Kombe la Washindi yakaunganishwa, likazaliwa Kombe la Shirikisho, na Hearts of Oak ya Ghana ikawa bingwa wa kwanza. Kombe la Washindi nalo lina historia yake kwetu: Gor Mahia ya Kenya ililitwaa 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, sare 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi, kwa goli la ugenini lilelile.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoiumiza Yanga mwaka 2023: ilifungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe. Simba nayo ilifika fainali ya Shirikisho 2025, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka 1-1 Zanzibar.

Kwa hiyo hesabu ni hii: Tanzania imecheza fainali tatu za Afrika ngazi ya klabu, Simba mbili na Yanga moja, na mbili kati ya hizo ni za Shirikisho. Kwa mkoa wetu wa Tanga, Coastal Union iliingia kombe hilo mwaka 2024, ikatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola.