Kwa nini waya wa kijani unaunguza radio: historia fupi ya bafle ndani ya HiAce

Leo tunaongea historia ya kitu tunachosikia kila asubuhi tukienda kazini ao chuoni: radio ya basi.

Toyota ilianza kutoa HiAce mwaka 1967. Zile tunazopanda Lubumbashi, nyingi zilitumika kwanza Japani, kisha zikashushwa meli Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Zinafika na radio ya kiwandani, lakini ile radio haipati karibu stesheni yoyote. Haiko mbovu. Kule Japani FM ilipangwa toka 76 mpaka 90 MHz, sababu juu ya 90 palikaliwa na televisheni ya analogi, ambayo sehemu kubwa ya nchi iliizima tu mwaka 2011. Kwetu FM inaanza 87.5, inaenda mpaka 108. Radio Okapi, iliyoanza 2002, inasikika Kinshasa kwa 103.5: radio ya Japani haifiki pale. Njo maana mwenye gari ananunua radio mpya, na pale pale anakutana na rundo la waya nyuma ya dashibodi.

Kijana anaangalia rangi, anasema ni rahisi: kijani kwa kijani, nyeusi kwa nyeusi. Radio ya dola arobaini inakufa siku ile ile. Juu ya nini? Ili kujibu, lazima turudi nyuma.

Mwaka 1930, kampuni ya Galvin ya Chicago ilitoa radio ya gari kwa jina la Motorola. Ujerumani, Blaupunkt ilifuata mwaka 1932. Zilikuwa radio za taa, nzito, za bei kali, na bafle moja tu. Hakuna mtu aliyekuwa na shida ya kujua waya gani ni wa kushoto ao wa kulia.

Transista ilipochukua nafasi ya taa miaka ya 1950, radio ikawa ndogo. Mwaka 1963 Philips ilileta kaseti, na polepole stereo ikaingia ndani ya gari: bafle mbili, kisha nne. Ili kupunguza shaba, magari mengi ya wakati ule yalitumia waya mmoja tu kwa kila bafle. Njia ya kurudi ilikuwa chuma chenyewe cha gari, ile tunaita masi. Gari za zamani sana, utakuta bado ziko hivyo.

Lakini batri ya volti 12 iliweka mpaka. Gari ikiwaka, umeme unapanda karibu volti 14.4. Kwa bafle ya omu 4, radio inayosukuma upande mmoja tu na kurudi kwa masi haiwezi kupita wati 6 na nusu hivi, hata kwa hesabu ya karatasi. Watu walitaka nguvu zaidi. Mainjinia wakaunganisha amplifaya mbili kwa bafle moja: moja inasukuma, ingine inavuta. Hapo hesabu ya karatasi inafika wati 26, mara nne. Mfumo huu wa daraja njo uko ndani ya karibu kila radio tunayouza sokoni leo.

Bei yake ni hii: waya zote mbili za bafle ziko hai. Hata muziki ukinyamaza, kila moja inabeba karibu nusu ya volti za batri. Ukigusisha moja kwa masi, ao ukiipa volti 12, chipu inaweza kuungua palepale. Ile ya zamani ilikuwa inavumilia masi, hii mpya haivumilii.

Sasa tuje kwa rangi. Mwaka 1995 kanuni ya ISO 10487 ilipanga umbo la soketi na kazi ya kila pini. Watengenezaji wa radio za dukani nao wakazoea rangi zao: nyeupe ni bafle ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni hasi. Manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni masi.

Toyota ilikuwa na desturi yake mbele ya hiyo. Ndani ya gari zake nyingi za miaka ya 1980 mpaka 2000, pinki na zambarau ni mbele kushoto, kijani hafifu na buluu ni mbele kulia, nyeusi na manjano ni nyuma kushoto, nyekundu na nyeupe ni nyuma kulia. Ya kwanza ni chanya. Buluu yenye mstari wa manjano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ufunguo, kahawia ni masi, kijani ni taa.

Soma tena pole pole. Kijivu kwa kijivu: ukigeuza ufunguo, volti 12 inaingia kwa bafle ya mbele. Kijani kwa kijani: saa kumi na mbili jioni shofere anawasha taa, radio inazimika. Shofere anasema fundi alimuuzia kitu feki. Hapana, ni desturi mbili za viwanda ziligongana ndani ya gari yake.

Kwa hiyo mafundi wazuri hawaamini rangi, wanauliza waya yenyewe. Kwanza wanatoa fizibu, wanachomoa radio. Mita ikiwekwa kwa waya mbili za bafle moja ya omu 4, inaonyesha karibu 3 ao 4. Kati ya waya ya bafle na chuma cha gari, haipaswi kuonyesha njia yoyote. Ikionyesha, gari iko na masi ya zamani, ni kuvuta waya mpya. Kisha wanagusa kidogo pile ya volti 1.5: bafle inatoa sauti ya "ka!", na utando ukienda mbele, chanya ya pile iko kwa chanya ya bafle. Bafle mbili zikipishana, besi inapotea.

Sisi wenye diploma tulisoma sheria ya Ohm, na iko kweli Japani na Kolwezi. Rangi ya waya haiko sheria ya dunia, ni makubaliano ya watu fulani, mahali fulani, mwaka fulani. Wale wanaoshika ile kumbukumbu kwetu ni mafundi wa pembeni ya barabara, na karibu hakuna anayeandika. Mzee mmoja akifa, shofere wengi watarudia kuunguza. Kila mmoja wetu akikaa siku moja na fundi wa mtaa wake na daftari mkononi, hii historia haitapotea.