Ununuzi wa Tunu katika Visiwa vya Lamu

Msomaji, ukiitazama ramani ya pwani ya Kenya utaona kuwa kaskazini-mashariki ya Lamu, Manda na Pate kimelala kisiwa kirefu na chembamba kiitwacho Kiwayu. Wenyeji wake ni Wabajuni, na vijiji vyake ni viwili, Kiwayu na Chandani. Tangu mwaka 1979 kisiwa hiki kimo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Wembamba wake ni wa namna ambayo mtu akipanda juu ya vilima vyake vya mchanga huona bahari pande zote mbili: mashariki bahari kuu yenye mawimbi, na magharibi maji matulivu yaliyo baina ya kisiwa na bara. Pande hizi zina tabia mbili. Ule wa mashariki hutupa ufukoni kitu ambacho hakuna aliyekitazamia. Ule wa magharibi hupokea majahazi yanayokuja kwa majira na kwa ahadi. Hali hiyo inafanana sana na tabia mbili za binadamu anayekusanya vitu vya tunu. Yuko anayenunua kwa mpango, na yuko anayenunua kwa kuvutwa na kitu kilichomtokea mbele ya macho. Katika insha hii twataka kuona jinsi watu wa visiwa hivi walivyozijua tabia zote mbili, na faida gani twaweza kuipata kwa kuzichungua.

Tuanze na bahari kuu. Katika karne ya 10 msafiri al-Masudi aliandika habari za ambari ya pwani ya Zanji, ambayo wafanyabiashara waliithamini mno. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, ikaelea baharini miezi au miaka, hata wimbi likaitupa pwani. Hakuna mtu awezaye kuiagiza, wala kujua itatua wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko huko Kiwayu, bahari ilileta kitu kingine kisichoagizwa: kandambili za mpira zilizochakaa, kwa wingi wa kuchukiza. Akina mama na watoto wakaziokota, wakazichonga vinyago vya wanyama na vitu vya kuchezea, na kazi hiyo ikakua hata ikawa biashara iliyojulikana mbali. Lakini angalia tofauti iliyopo, msomaji. Aliyeokota hakutoa kitu ila kuinama kwake. Akikosea, hutupa alichokiokota akaenda zake. Mnunuzi akikosea, mali imekwisha kutoka mkononi. Kwa hiyo bahati ya ufukoni na bahati ya sokoni hazifanani, ingawa furaha ya kuzipata yaweza kuwa moja.

Kitu kilichopendwa kuliko vingi katika visiwa hivi kilikuwa chombo cha Kichina: bakuli, sahani na mitungi ya kauri nyeupe, ya kijani au yenye nakshi za samawati. Watu wengi hudhani kwamba vyombo hivi vililetwa na merikebu za jemadari Zheng He, aliyesafiri baina ya mwaka 1405 na 1433. Dhana hiyo haitoshi. Neville Chittick alipochimba magofu ya Manda kuanzia miaka ya 1960 alikuta vigae vya Kichina vya karne ya 9, yaani miaka 500 kabla ya safari hizo. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alipita pwani ya Tanganyika akastaajabia wingi wa vigae hivyo, akasema kuwa historia ya pwani hii yaweza kusomwa humo. Si lazima tudhani kuwa Wachina walikuja wenyewe kila mara. Vyombo vilipita mikono mingi, hasa ya wafanyabiashara wa Gujarat na wa Ghuba ya Uajemi. Na watu wetu pia hawakukaa tu wakingoja: Mreno Tomé Pires, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja watu wa Kilwa, Malindi na Mombasa miongoni mwa wafanyabiashara waliofika Malaka, karibu na nchi za mashariki ya mbali.

Sahani iliyopita bahari nyingi namna hiyo haikuwa rahisi. Ililipwa kwa pembe za ndovu, kwa magamba ya ng'amba, kwa nafaka, na kwa boriti za mikoko zilizokatwa vichakani na kuhesabiwa kwa korija, kila korija boriti 20. Biashara ya boriti kwenda Uarabuni na Ghuba iliendelea hata serikali ya Kenya ilipoizuia mwaka 1982. Tena haitupasi kuficha jambo moja. Katika karne ya 18 na ya 19 sehemu kubwa ya nafaka iliyotajirisha miji ya visiwa ililimwa bara na watu waliokuwa watumwa. Sahani ilipong'aa ukutani mwa tajiri, nyuma yake mlikuwa na jasho la mtu ambaye hakuulizwa kama ataka inunuliwe. Anayetaka kujua thamani ya kitu na aulize pia ni nani aliyeilipa.

Sasa tutazame mpango wa ununuzi ulikuwaje. Mpangaji wa kwanza alikuwa upepo. Kaskazi huvuma tangu kiasi cha Desemba hata Machi, na kwa upepo huo majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliteremka pwani yetu. Kusi huanza kiasi cha Aprili, na kwa upepo huo yalirejea kwao. Mtu wa Pate au wa Lamu aliyetaka chombo fulani alimwagiza nahodha wakati wa kuondoka, akangoja miezi mingi, pengine msimu mzima, kabla ya kukiona. Kungoja huko kulikuwa na kazi yake. Tamaa iliyokuwa ya siku moja ilipoa, na haja iliyokuwa ya kweli ilikomaa. Aliyeagiza leo alikuwa na wakati wa kujiuliza kama bado atakitaka kitu kile kaskazi ijayo, na kama atakuwa na boriti au nafaka za kukilipia.

Mpangaji wa pili alikuwa nyumba yenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18, ukipita daka na kiwanda, kisha misana miwili, hufika chumba cha ndani. Humo ukutani mafundi walichonga kwa chokaa safu za vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu, na kila kimoja kiliweza kuwekwa chombo cha tunu. Fikiri, msomaji, maana ya ukuta kama huo kwa mnunuzi. Kidaka kilichokwisha kujengwa hakipanuki wala hakiongezeki. Mwenye nyumba alijua vipo vingapi, vipi vimejaa na vipi vitupu, na bakuli la ukubwa gani litaenea. Kwa kuwa desturi ya wazee wengi wa Lamu ilikuwa kumwandalia binti nyumba ya kuolewa, ukuta ule ulikuwa kama daftari la jamaa, likijazwa polepole kwa ajili ya siku ijulikanayo. Watafiti waliowauliza wenyeji katika karne ya 20 walielezwa pia kuwa vyombo hivyo viliikinga nyumba na jicho la hasidi. Kwa hiyo havikuwa pambo peke yake. Kila kimoja kilikuwa na mahali pake na kazi yake.

Huenda msomaji akauliza, Je, watu hawa hawakununua kitu chochote kwa ghafula? Walinunua, na sana. Jahazi lilipotia nanga halikuwa na shehena ya matajiri tu. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri katika jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 hata akafika Lamu, ameeleza jinsi mabaharia walivyobeba bidhaa ndogo ndogo za kwao wenyewe, wakiziuza katika kila bandari. Bidhaa hizo hakuna aliyeziagiza. Zilitandazwa, watu wakakusanyika, na kila mmoja alijua kuwa jahazi likitweka tanga kitu kile hakitaonekana tena. Hofu ya kukosa ndiyo iliyofungua mikoba. Katika karne ya 19 vilizidi kuja na vyombo vya viwanda vya Ulaya, kama vile mabakuli ya Maastricht katika Uholanzi, vyenye rangi za kupendeza na bei nafuu. Bei nafuu nayo hufungua mikoba, maana mtu huhesabu alichookoa akasahau kuhesabu alichotoa.

Si haki kusema kuwa kila ununuzi wa ghafula ni upumbavu. Mfikiri mtu ambaye katika safu yake kumebaki kidaka kimoja, naye kwa miaka mingi amejifunza kutambua kauri njema kwa uzito wake, kwa mng'ao wake na kwa mlio wake ikigongwa kwa ukucha. Akiona sahani ya kufaa mkononi mwa baharia, akainunua papo hapo, je, amenunua bila mpango? La. Mpango wake ulikuwa tayari zamani, bahati imekuja kuujaza. Jirani yake aliyenunua sahani kama ile ile, saa ile ile, kwa sababu ameona wengine wananunua, amefanya jambo jingine kabisa ijapokuwa bei ni moja. Tofauti baina yao haimo katika wepesi wa kutoa fedha, bali katika kile kilichotangulia.

Na mali ya fahari ikikusanywa, mwisho wake huwa nini? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyeishi yapata miaka 200 iliyopita, alilijibu swali hilo katika utenzi wake Al-Inkishafi. Alitazama majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yamekwisha kubomoka, na vile vidaka vya vyombo vya Kichina vikiwa makao ya ndege. Pate haikuanguka kwa sababu ya sahani. Ilidhoofishwa na vita na fitina, na baada ya kushindwa huko Shela kiasi cha mwaka 1812 nguvu zilihamia Lamu. Walakini tendo la mshairi kuchagua kidaka kitupu kuwa alama ya msiba lina maana. Alijua kuwa wasomaji wake wataelewa ni miaka mingapi iliyohitajiwa kukijaza.

Yako pia mauzo ya ghafula, nayo hudhuru kuliko ununuzi wa ghafula. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1907 mashamba mengi ya bara yaliachwa, na jamaa zilizokuwa na mali zikaishiwa. Katika karne ya 20 wageni wenye fedha walipofika Lamu, milango, viti na sahani viliuzwa kimoja kimoja, leo hiki, kesho kile. Kilichokusanywa kwa vizazi vitatu kilitawanyika kwa alasiri chache. Jumba la Makumbusho la Lamu, lililofunguliwa mwaka 1971, limehifadhi sehemu ya urithi huo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 hairuhusu vitu vya kale vitolewe nchini bila kibali. Linganisha na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Yeye alikusanya vitabu vya zamani, stempu na kazi za sanaa za Afrika, na alikataa kuvitawanya kwa wageni, akaviuzia serikali ya Kenya. Alifariki mwaka 1990, lakini ukiingia leo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi utakuta mkusanyo wake, na humo vitabu zaidi ya 8,000.

Labda wewe hukusanyi sahani. Labda wakusanya michezo ya video, au viatu, au picha za wachezaji wa mpira, na wajua raha ya kuona safu ikikamilika. Kama ni hivyo, habari hizi zakuhusu kuliko unavyodhani. Mzee wa Lamu alizuiwa na mambo mawili, upepo na ukuta. Wewe umeondolewa yote mawili. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hutoka mfukoni kwa kubonyeza vidole, usiku au mchana, kusi au kaskazi. Mchezo ulionunuliwa kwa njia ya simu hauchukui nafasi chumbani, hivyo hapana kidaka kitakachokuambia kuwa kimejaa. Mwuzaji naye hukutangazia kuwa bei hii itakwisha usiku wa manane, kama baharia aliyesema kuwa tanga limekwisha kutwekwa. Mtu aweza kumiliki michezo mingi kuliko saa alizo nazo za kuicheza, asijue imefikaje, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi yakupasa ujiwekee mwenyewe kile ambacho wazee walipewa na maumbile na mafundi. Andika majina ya vitu unavyovitaka kweli, na idadi ambayo hutaizidi. Hivyo ndivyo vidaka vyako. Kitu kipya kikikuvutia, kiandike kando pamoja na tarehe, ukingoje mwezi mmoja kabla ya kukinunua. Huo ndio msimu wako. Weka pia akiba kidogo kwa ajili ya bahati, ili siku ambayo kitu ulichokitafuta muda mrefu kitatokea, usikikose kwa ukali wa kanuni zako. Na kabla ya kulipa jiulize kama waliosimama nyuma ya fedha ile, mzazi au ndugu aliyeitolea jasho, wangekubali itumiwe hivyo. Ukipata jibu njema, nunua kwa furaha.