Chungu cha Mabibo

Mkorosho huzaa vitu viwili, lakini historia ya Mtwara imeandikwa kwa kimoja tu. Korosho ina daftari la chama cha msingi, ina mnada, ina ghala na meli. Bibo, lile tunda la njano au jekundu linaloning'inia juu yake, halina kumbukumbu ofisini. Historia yake iko uani, penye moto wa kuni, na katika majalada ya mahakama.

Mti wenyewe ni mgeni. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16, wakaupanda Goa kule India na pwani ya Msumbiji, nao ukavuka Ruvuma ukakuta mchanga unaoupenda. Biashara kubwa ilikuja baadaye sana. Waingereza walichimba bandari ya kina Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ukavunjika mwaka 1951, na reli yake ya Nachingwea haikudumu. Mji ulibaki, kata kama Chikongola zikajaa watu, na korosho ndiyo iliyokuja kuilisha bandari ile. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Zaidi ya miaka kumi baadaye mavuno hayakufika tani 20,000: wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei haikuwa na maana, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa unaunguza maua. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji, walisaidia kuirudisha korosho kwa salfa na miche bora, hadi msimu wa 2017/18 ukapita tani 300,000.

Sasa fikiria upande wa pili wa hesabu hiyo. Bibo huzidi korosho yake kwa uzito zaidi ya mara tano, na halingoji. Likidondoka asubuhi, jua la Oktoba huanza kulichachusha siku hiyo hiyo. Ndipo wenyeji wa kusini walipopata uraka: mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa yachachuke, hunywewa msimuni kwa bei ya mtu wa kawaida. Yanayobaki huanikwa yawe kochoho, makavu na ya kahawia, yanayoweza kukaa miezi. Kochoho huloweshwa wakati mikorosho haina kitu, maji yake yakichacha huingizwa kwenye mtambo, na kinachotoka upande wa pili wa mrija ni gongo. Kusini na ng'ambo ya Ruvuma wengi huiita nipa.

Mtambo wenyewe ni chombo kilichofunikwa, moto chini, mrija unaopita kwenye maji baridi, na chupa inayokinga matone. Kwa asili yake hautofautiani na chungu cha shaba kilichoko Midleton, kusini mwa Ireland, kinachotoa wiski inayouzwa kwa bei ya mbuzi kadhaa kwa chupa moja. Wiski hiyo ya chungu ina kisa chake. Mwaka 1785 serikali ilitoza kodi ya kimea, nao wapikaji wa Ireland wakachanganya kimea cha shayiri na shayiri isiyooteshwa ili kupunguza kodi. Ukwepaji huo ukazaa ladha nzito, yenye mafuta na viungo, ambayo wajuzi wa leo huisifia. Hupikwa mara tatu. Mpishi hutenga mvuke wa mwanzo na wa mwisho, hubakiza wa katikati, kisha wiski, kisheria, hulala kwenye mapipa ya mbao angalau miaka 3. Zile za kuheshimika hulala 12, 15, au 21.

Ireland pia ilikuwa na gongo yake, poitín, iliyopikwa vichakani na kusakwa na maofisa wa kodi tangu karne ya 17. Ilihalalishwa kuuzwa nchini humo mwaka 1997. Goa, iliyopata mkorosho kutoka mikono ile ile ya Wareno, iliisajili feni yake ya mabibo mwaka 2009 kama bidhaa ya mahali pake, kisheria.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza upishi wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika iliyotawaliwa, huku ukiziachia serikali nafasi ya kuruhusu chupa za Ulaya kwa wasio wenyeji. Mzungu aliweza kunywa wiski kwenye klabu yake, lakini chungu cha Mmakonde kilikuwa kosa. Uhuru haukufuta mtazamo huo. Sheria ya Moshi, yaani gongo, ya mwaka 1966 iliendelea kumtia hatiani anayepika bila leseni.

Ni kweli gongo imeua. Nairobi mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 130, na mitambo ya kificho, yenye vyuma vya kuokota na mpishi anayekimbizana na polisi, haiwezi kuaminika. Ni kweli pia kwamba familia nyingi za pwani hii, kwa imani yao, haziitaki pombe yoyote, na haki yao iheshimiwe. Lakini marufuku ya karne nzima haikuzima moto hata mmoja. Imewanyima tu wapishi, wengi wao akina mama, kipimo cha maabara, chombo safi na subira. Hakuna anayelaza pipa miaka 12 ilhali anaweza kukamatwa kesho.

Naliendele imekwisha kufundisha wakulima kutengeneza juisi, jemu na divai ya mabibo. Hatua inayofuata iko mikononi mwa wabunge wa Mtwara na Lindi: waipeleke Sheria ya Moshi bungeni ifanyiwe marekebisho, ili vikundi vya wapishi vipewe leseni, vipimwe na vitozwe kodi, kabla ya msimu mwingine wa mabibo kuozea mashambani.