War: kundi lililojiita "Vita" na albamu yao ya mwaka wa 1972

Familia iliyokimbia risasi haiwezi kupenda neno "vita". Lakini wanamuziki wa Los Angeles, Marekani, walijiita hivyo kwa lugha yao: War. Ilikuwa mwaka wa 1969, jeshi la nchi yao likipigana Vietnam. Walieleza kwamba wao wanapigana na vita yenyewe, na silaha zao ni vyombo vya muziki.

Mpiga ngoma Harold Brown na mpiga gitaa Howard Scott walianza kupiga pamoja mwaka wa 1962, wakiwa bado vijana. Mwaka wa 1965 mtaa wa Watts, wenye wakaaji weusi wengi, uliwaka moto katika ghasia zilizoua watu 34. Baadaye mwimbaji Mwingereza Eric Burdon aliwafanya wajulikane, kisha akaondoka mwaka wa 1971. Wakabaki saba: weusi sita na Lee Oskar wa Denmark, mpiga harmonika.

Mwezi wa kumi na moja 1972 walitoa The World Is a Ghetto, maana yake dunia yote ni mtaa wa maskini. Ina nyimbo sita tu, zenye kuchanganya soul, funk, jazz na midundo ya Kilatini. Ule wenye jina la albamu unapita dakika 10. Ndani yake mtu anatafuta pahali pa raha, anaona taabu iko kila upande.

Ulikuwa mrefu mno kwa redio, basi ukakatwa, na ukafika nafasi ya 7 Marekani. The Cisco Kid, wimbo wa kuchangamsha, ukafika nafasi ya 2. Albamu yenyewe ikashika nafasi ya kwanza mwezi wa pili 1973. Mwisho wa mwaka, gazeti la Billboard likaiweka juu ya albamu zote za mwaka ule, hata ya Pink Floyd.

Wiki chache kabla albamu haijafika juu, makubaliano ya amani ya Vietnam yalitiwa sahihi huko Paris. Wanajeshi wa Marekani walirudi kwao. Wavietnam wenyewe waliendelea kuuana na kukimbia mpaka mwezi wa nne 1975, na hata bunduki ziliponyamaza, wengi walizidi kuhama kwa mashua.